Kipandio cha Upande wa Dereva

2 Februari

Kwa Katibu wa Chama cha Waunga Modeli,
kwa ajili ya jarida letu

Ndugu Katibu,

Ninadai, na niko tayari kulitetea dai hili mbele ya mwanachama yeyote, kwamba kati ya seti mbili za plastiki za lori la kale la porini tunaloliita Pua Bapa, seti mpya pekee ndiyo inayosema kweli. Seti ya zamani, ambayo wazee wetu wa chama huizungumzia kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mchumba wa ujana, ni uongo uliofungwa kwenye boksi zuri.

Sikulifikia dai hili kwa kusoma maandishi ya kwenye boksi. Nimeziunga zote mbili, moja kando ya nyingine, juu ya meza moja, kwa kipimo kilekile cha moja kwa ishirini na nne. Anayetaka kunibishia na aje akiwa na gundi kwenye vidole.

Seti ya zamani ina sifa zake, na sitazificha. Vioo vyake ni angavu, na uwiano wa kichwa na bodi umekaa sawa. Lakini kila kipande hutoka kwenye fremu yake kikiwa na ndevu za plastiki zinazodai msasa kabla ya gundi. Boneti haifungi, huacha mwanya unaopitisha ukucha. Springi za nyuma, ambazo kwenye gari halisi ni bapa nyingi za chuma zilizolaliana, hapa zimekuwa tofali moja. Aliyezichonga ama hakuwahi kulala chini ya gari, ama alilala akapitiwa na usingizi.

Kwenye seti mpya bapa za springi zinahesabika. Boneti inakaa mahali pake kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Lakini ushahidi ninaoutegemea kuliko wote ni kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho: kipandio cha chini ya mlango wa dereva, pale anapokanyaga akiingia. Seti ya zamani haina. Seti mpya inacho, na inacho upande mmoja tu. Mtengenezaji mvivu angeweka viwili ili pande zilingane. Huyu ameweka kimoja, amekiinamisha kidogo kwa mbele, na juu yake amechora vidoto vilivyojipanga kama maua madogo, bila shaka vya kuzuia kiatu kisiteleze. Wapo watakaosema hawajawahi kukiona kwenye picha. Mimi pia sikukiona. Lakini picha zote za Pua Bapa nilizozipata zimepigwa kutoka mbele au upande wa abiria, na kutoonekana si kutokuwepo. Kitu cha namna hii hakitungwi. Mtu hukikuta kwenye chuma, akakipima.

Na aliyepima tunamjua. Karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya boksi inasema wazi kwamba vipimo vyote vilichukuliwa kwenye gari lenyewe, kipande kwa kipande, na Mwenyekiti wetu, fundi miwani mnayemwita Rula. Mimi ni mtoto wa marehemu kaka yake, kwa hiyo wapo watakaosema ninamvisha kilemba cha ukoka. Waseme. Undugu haubadilishi milimita. Katika maonyesho ya mwaka huu chama kitampa kibao cha heshima kwa kazi hiyo, nami nasema kimechelewa.

Mwanachama mnayemwita Profesa


11 Februari

Mwanangu,

Salamu kutoka dukani. Katibu amenionyesha makala yako kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Unajua alivyo. Mfamasia yule haamini hata maandishi yake mwenyewe mpaka ayasome mara mbili.

Nimecheka sana hapo kwenye tofali. Umeandika vizuri, ingawa kuna sentensi mbili tatu ambazo mtu akianza kuzisoma akiwa kijana anazimaliza akiwa na mvi. Ndiyo shahada hiyo, hatuna la kufanya.

Nina ombi moja. Aya ya kipandio iondoe. Jarida lina kurasa chache, na kile kidude chenyewe ni kidogo mno, watu wanakipoteza kwenye zulia hata hawajafungua gundi. Na hapo uliponisifu, punguza chumvi. Kibao chenyewe sijakishika, watu wataanza kusema tumekula njama sisi wawili. Badala yake andika juu ya matairi. Hujasema neno kuhusu matairi, na ni mazuri.

Mama yako hajambo. Nimemtengenezea miwani mipya ya kushonea. Anasema sasa anaona mpaka makosa ya wateja.

Baba yako mdogo


15 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nimelipokea ombi lako kwa heshima, na kwa heshima hiyohiyo ninalikataa. Aya ya kipandio ndiyo nguzo ya makala nzima. Ukiitoa, yanabaki malalamiko juu ya ndevu za plastiki na sifa za boneti, mambo ambayo hata muuza duka angeweza kuyaandika. Tofauti kati ya seti nzuri na seti ya kweli iko kwenye kipande ambacho hakuna aliyekidai na bado kimewekwa. Hicho ndicho ninachokitetea, na ni kazi ya mikono yako.

Unasema kurasa ni chache. Nimehesabu toleo lililopita: ukurasa mzima ulitolewa kwa mjadala wa rangi ya kijani ya turubai. Kama turubai linastahili ukurasa, kipandio kinastahili aya. Matairi siyaandiki. Matairi mazuri ni suala la ukarimu wa kiwanda tu.

Nadhani unyenyekevu wako umezidi mpaka sasa unadhuru hoja. Nina ombi badala ya lako: niandikie mistari michache tu kuhusu siku ulipokipima kile kipandio. Gari lilikuwa wapi? Lilikuwa la nani? Ulijuaje kwamba vile vidoto vilikuwa vya umbo la maua, wala si matundu yaliyoliwa na kutu? Nitayanukuu maneno yako chini ya makala, na wazee wa seti ya zamani hawatakuwa na pa kushika.

Mwanao


24 Februari

Wewe,

Nimekuambia kwa upole, hukusikia. Sasa nakuambia kama baba, maana ndiye niliyebaki.

Ile aya haichapishwi. Nimeshamwambia Katibu. Mimi ni Mwenyekiti wa chama hiki, na wakati nakianzisha kwenye chumba cha nyuma cha duka, watu watano na chupa moja ya gundi, wewe ulikuwa shuleni unaona modeli ni mchezo wa watoto. Leo umeunga magari mawili umekuwa mpelelezi. Unaniuliza gari lilikuwa wapi, lilikuwa la nani, kama vile umenikuta kituo cha polisi.

Umesoma sana, hilo sikunyimi. Lakini kusoma hakukufundishi kwamba mambo mengine ni ya nyumbani na hayapelekwi jaridani. Baba yako angekuwepo angekwambia hivyohivyo.

Andika juu ya matairi au usiandike kabisa.

Baba yako mdogo


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Mimi na Baba Mdogo tumekosana kwa sababu ya kipande cha plastiki. Najua utacheka, lakini nisikilize. Nimeandika makala ya kuzilinganisha seti mbili za Pua Bapa, lori la aina ile aliyokuwa akiendesha marehemu baba alipokuwa mkaguzi wa madaraja. Nimeisifu seti aliyoipima Baba Mdogo kuliko alivyowahi kusifiwa na mtu. Yeye amenijibu kama mtu aliyetukanwa. Anataka niondoe aya moja inayohusu kipandio kilicho chini ya mlango wa dereva, chenye vidoto vilivyojipanga kama maua madogo. Nilipomuuliza sababu amesema ni mambo ya nyumbani.

Neno hilo ndilo linalonikera. Lori ni la serikali, seti ni ya kiwanda, jarida ni la chama. Nyumbani imeingia wapi?

Nina shaka amegundua kwamba alikosea kipimo na anaona aibu. Kama ni hivyo, nataka nimwokoe kwa ushahidi. Je, unayo picha yoyote ya lori la baba iliyopigwa upande wa dereva? Mimi nilizonazo zote zinamwonyesha amesimama mbele ya boneti, amejikausha kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Niazime, nitairudisha ikiwa salama.

Mwanao


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Picha ya upande huo sina. Baba yako alikuwa hataki kupigwa upande huo, kwa sababu ya hicho kipandio. Sijui wewe na baba yako mdogo mnabishana nini, lakini kuhusu kipandio naweza kukwambia, maana nilikisikia kila siku kikitajwa hapa mezani.

Ile miaka yake ya mwisho kazini nyonga ilimkamata. Mguu haukupanda. Hukujua, kwa sababu ukija likizo alikuwa anakaa kwenye kiti kabla hujaingia na anainuka ukishatoka. Alikuwa anaogopa kustaafishwa. Basi fundi wa kuchomelea pale karakana ya idara akamkatia kipande cha chuma akakichomelea chini ya mlango wake, kimeinama kidogo kwa mbele, kwa sababu unyayo wake haukulala sawa. Lori lile peke yake. Hakuna lingine lililokuwa nacho, madereva wenzake walikiita ngazi ya bibi harusi. Alikuwa akirudi ananisimulia na anacheka, lakini kucheka kule nakujua.

Sasa hiyo ya maua ndiyo iliyonisimamisha. Kipandio cha kwenye lori hakikuwa na maua. Kilikuwa chuma kitupu. Chenye maua ni kile cha kigari chake, alichokuwa anakiunda mwenyewe kwa bati na mbao, mwaka ule mzima aliokaa nyumbani kabla hajafariki. Kipandio ndicho alichokitengeneza mwisho. Alikikata kwenye kifuniko cha kopo langu la poda, lile lenye vimaua vya kubonyezwa. Nikamgombeza, poda ikamwagika yote. Akasema, "Mama Profesa, mtu akitaka kujua hili ni gari langu, ataangalia hapa."

Umeniuliza picha, nami nakuuliza wewe: maua yangu yameingiaje kwenye plastiki ya dukani?

Kigari chenyewe nilimpa baba yako mdogo akitunze. Nilikuambia wewe kwanza, ukasema chumba chako cha chuoni hakina nafasi.

Mama yako


9 Machi

Baba Mdogo,

Mwaka jana, nilipojiunga na chama, nilikuuliza kiko wapi kigari alichokiunda baba. Uliniambia kilivunjika ulipohamisha duka, na ukaniwekea mkono begani. Nikaona haya kwamba nimekuuliza.

Leo nina swali lingine, na ninaomba ulijibu bila kunikumbusha umri wangu. Karatasi ya kwenye boksi inasema ulipima gari lenyewe. Ni gari gani ulilolipima?

Kabla hujajibu, jua kwamba nimechukua kioo cha kukuzia, nikakitazama tena kipandio. Maua yaliyoko kwenye plastiki ni ya kifuniko cha kopo la poda. Hayakuwahi kuwepo kwenye lori lolote duniani.

Mtoto wa kaka yako


20 Machi

Mtoto wa kaka yangu,

Nilipima. Nilikaa na kaliper yangu ya dukani jioni baada ya jioni, nikapima kila kipande cha kigari kile, springi kwa springi, nikachora michoro ambayo wahandisi wa kiwanda waliishika kwa ncha za vidole. Hakuna mtu aliyeniuliza nilipima nini. Kwenye karatasi waliandika wao.

Ulitaka nifanyeje? Lori lenyewe lilishauzwa chakavu likakatwakatwa. Mimi sikuwahi kulipanda hata siku moja. Kaka alikuwa haruhusu mtu. Kigari nilichoachiwa ndicho kilichokuwa kizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukishika, na kilikuwa kwenye kabati langu kinakula vumbi. Mama yako hakukitaka. Wewe hukukitaka. Mjue hilo kwanza kabla hamjanihukumu. Mimi ndiye niliyekitaka.

Kipandio nilidhani ni cha magari yote. Maua pia. Niligundua baada ya maboksi kufika madukani, pale kwenye maonyesho ya mwaka juzi, mzee mmoja dereva alipokitazama akaniuliza, "Hii ngazi umeitoa wapi, bwana?" Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na wewe ukaja kunisifia hapohapo.

Jina la kaka sikulitaja kwa sababu kiwanda kilitaka mtu aliye hai, wa kujibu maswali. Na usiniombe kigari. Kiwandani walikikata katikati ili wapate vipimo vya ndani. Ndivyo wanavyofanya. Nilirudishiwa mfuko wa vipande, sikuweza kuutazama, nikautupa.

Baba yako amekaa sasa kwenye meza za watu asiowajua, nchi nyingi. Wewe mwenyewe umemuunga kwa mikono yako, ukamsifu. Kama si mimi, angebaki kabatini. Fikiria hilo, halafu unyamaze, kwa faida ya mama yako. Ukiandika, watu watauliza ni nani aliyekitoa nyumbani, na jibu unalijua.

Baba yako mdogo


25 Machi

Mwanangu,

Shemeji alikuja jana. Nilikuwa nakata gauni la mteja, akakaa kwenye kiti cha kupimia watu. Alianza na miwani, kama inanibana. Nikamwambia hainibani. Akasema, "Shemeji, mzuie huyu mtoto, ataniua." Nikamwuliza, "Nimzuie na nini? Mdomo ni wake, wewe ndiye uliyemlipia ada akaujifunze." Halafu akaniambia kwamba walikikata.

Sikujua nitasikia vibaya hivyo. Kitu nilichokitoa mwenyewe.

Sasa nisikilize, maana nakujua, umeshaanza kuandika kichwani. Wewe unadhani huu ni ugomvi wa ukweli na uongo. Mimi nitakuambia ni ugomvi wa nini. Baba yako mwaka wake wa mwisho alikuwa na mikono miwili, na yote miwili aliipa kile kigari. Nikimletea chai anasema weka hapo. Nikikaa karibu ananiambia unanizibia mwanga. Alipokufa nikabaki na kitu kilichopata kila nilichotaka mimi. Kilikuwa juu ya cherehani kinanitazama. Ndiyo nikakitoa. Nilisema, "Kitunze." Sikusema kiuze, sikusema kikatwe, wala sikusema jiandike wewe. Lakini nilikitoa, na nilipokitoa nilipumua.

Sikukatazi kuandika. Ila ukimwandika shemeji, niandike na mimi. Usinifiche nyuma ya mgongo wako nionekane mjane aliyeibiwa. Sitaki huruma ya watu wanaocheza na gundi.

Na wewe jiweke mahali pako. Hukuwa na nafasi chumbani.

Mama yako


29 Machi

Kwa Katibu wa Chama cha Waunga Modeli,
kwa ajili ya jarida letu

Ndugu Katibu,

Uliniambia kwamba jarida litachapisha barua yoyote ya mwanachama iliyotiwa saini, hata kama Mwenyekiti hataipenda, maana mhuri wa jarida unaushika wewe, si yeye. Nakuomba utimize neno lako.

Dai nililolileta kwako mwezi uliopita ninaliondoa. Nilisema seti mpya ya Pua Bapa ndiyo ya kweli na ya zamani ni uongo. Kinyume chake ndicho sahihi. Seti ya zamani, pamoja na boneti yake isiyofunga na springi zake za tofali, ilichongwa na mtu aliyeliona lori. Haina kipandio kwa sababu Pua Bapa halikuwa na kipandio. Nilijenga hoja nzima juu ya kutoonekana kwa kitu, nikajiona nina akili. Wanachama waliokusudia kunicheka wana ruhusa yangu, na nawaomba wafanye hivyo sasa, ili tukifika kwenye suala lenyewe wawe wamemaliza.

Suala lenyewe ni hili. Seti mpya haikupimwa kwenye gari. Ilipimwa kwenye modeli ya bati na mbao iliyoundwa kwa mkono na marehemu baba yangu, mkaguzi wa madaraja, aliyekuwa na nyonga mbovu na kipandio chake peke yake. Maua mnayoyapaka rangi ya kijivu kwa brashi nyembamba ni ya kifuniko cha kopo la poda la mama yangu. Kila mmoja wenu aliyeiunga seti ile ameunga gari la mtu mmoja, na hakuna aliyeambiwa jina la mtu huyo. Modeli yenyewe ilikatwa kiwandani na vipande vyake vikatupwa.

Mama yangu ameagiza niandike kwamba ni yeye aliyeitoa nyumbani, kwa hiari yake, akisema itunzwe. Naandika. Mimi naandika kwamba kabla ya kumpa mtu mwingine alinipa mimi, nikasema sina nafasi. Hilo limo kwenye hesabu yangu, na sitaki mtu anisaidie kulipunguza. Halimfutii mwingine hesabu yake.

Sasa nazungumza na Mwenyekiti moja kwa moja, mbele ya wasomaji wote.

Baba Mdogo, umeniandikia kwamba bila wewe baba angebaki kabatini. Nimeitafakari hoja hiyo kwa uaminifu kuliko unavyodhani, kwa sababu ni nzuri, na kwa sababu ni kweli kwamba nilimuunga kwa mikono yangu bila kumtambua. Lakini hoja hiyo ingesimama kama ungemtoa kabatini ukasema ni nani. Wewe ulimtoa ukaingia wewe. Umesimama mahali pake kwa miaka yote hii, ukipokea mikono ya watu, na mwezi ujao utasimama tena jukwaani upokee kibao kilichoandikwa kwamba ulipima gari. Kaka yako alikuwa anauficha mguu wake mbele ya mwanawe. Kitu kimoja tu alikiweka wazi, ili mtu akitaka kumjua aangalie pale, na wewe ukakigeuza kuwa kidude cha kupotea kwenye zulia.

Sitakuja dukani. Usinijibu kwa barua ya siri, wala usiniambie haya ni ya nyumbani. Nyumbani hapakuuzwa boksi hata moja. Usimwendee mama tena akiwa kazini ukaanza na miwani.

Nakutaka ujibu hapa, katika toleo hilihili la jarida, kwa jina lako kamili na kabla ya siku ya maonyesho: andika ni mikono ya nani iliyounda kile ulichokipima, na useme kama bado unakitaka kibao hicho. Nimemwomba Katibu akuonyeshe barua hii kabla ya kuipeleka kwa mchapaji, na auache wazi ukurasa unaofuata huu. Usipoujaza, na uchapishwe ukiwa mtupu.

Mwanachama mnayemwita Profesa